Mashine Yako Imehamia Nyumba Mpya, Baba Somoe

Mpenzi Baba Somoe,

Sasa hivi tu mwanao ameingia chini ya meza, akabandika mdomo kwenye matundu ya nyuma ya mashine yako, akapuliza kwa nguvu zake zote, mashavu yamemvimba. Pale nyuma nimefunga uzi wa pinki, nitakueleza ni wa nini. Uzi ukainuka, ukamrudia mwenyewe, ukamtekenya pua. Akashtuka, akakaa chini kwa kishindo, akanitazama kama mtu aliyefichwa jambo siku zote. "Mama," akasema, "kumbe inapumua!"

Nimecheka. Halafu nikafuta macho kwa upindo wa kanga, nikaona heri niketi nikuandikie kabla sijaanza kulia, maana mimi nikilia Somoe naye analia, na bibi yake akitusikia anaacha moto, anakuja kusimama mlangoni na kuniuliza ni nini tena.

Barua hii naichapa kwenye mashine yenyewe, kwa vidole viwili, kama ulivyoniacha. Hali yake unaijua. Ulipoondoka ilikuwa ikikaa, ikikaa, inazima. Miezi hii ya mwisho ilikuwa haingoji hata sufuria ya chai ichemke. Unaiwasha, inasuasua, inazunguka, mpaka ufike kwenye mafaili tayari giza. Kwa hiyo kila nikimaliza maneno machache nasevu. Nikifika mbali na bado inawaka, nitajua nimeweza, na nikijua nimeweza, kuna kitu kimoja humo ndani nitakifungua. Unakijua. Ni lile tangazo lililoharibika.

Ulikuwa msimu wa korosho, Somoe ana miezi minne. Watu wa Mkunya na vijiji vingine walikuwa wanakuja mjini kila siku, nawe ukasema tuweke spika barazani iwaite wateja. Ukajifungia hapa chumba cha mbele na zile hedifoni zenye maiki, ukaniambia nisipige kelele. Mimi nikasahau. Ukaanza kwa ile sauti yako ya kujidai, kama mtangazaji wa redio: "Karibuni, karibuni wateja wetu wa Newala na vijiji vyake! Tunachapa barua, tunatoa kopi, tunapiga picha za pasipoti, tuna..." Hapo mimi uani nikapaza sauti, "Baba Somoe! Chai inapoa!" Mtoto akaamka, akaangua kilio. Na wewe ukajibu, "Nakuja, mama, namalizia neno moja tu," halafu ukacheka ule mcheko wako wa kupanda juu mpaka ukakohoa.

Ukarekodi tena, ikatoka safi, ukaitia kwenye flashi ya spika. Ile mbovu nikakuambia uifute. "Hii?" ukasema. "Hii ndiyo nzuri." Ukaiweka.

Tangazo safi limekufa pamoja na spika, mvua iliikuta barazani mwaka uliopita, nami nilikuwa nimelala tu ndani nikiisikia ikinyesha, sina nguvu hata ya kuinuka. Simu yako ilikwenda na ndugu zako. Picha ninazo tatu, lakini picha haisemi. Somoe uliondoka ana miaka miwili na nusu, sasa ana minne. Juzi juzi alikuwa anakoroga udongo pale uani, akaniuliza bila hata kuinua kichwa, "Mama, baba alikuwa anaongeaje?" Nikajaribu kukuigiza. Nikashusha sauti, nikasema karibuni, karibuni. Akatikisa kichwa. "Huyo ni wewe," akasema, akaendelea na udongo wake.

Tangu siku hiyo sikupata usingizi mzuri. Nilijua sauti yako imo humu ndani ya hiki chuma, na chuma kinakufa kidogo kidogo.

Unakumbuka tulipotimiza arobaini yako? Hukuwepo, nasema unakumbuka kwa mazoea tu. Mjomba wako alikuja na watu wa upande wa mama yako, kama desturi ilivyo, wakagawana vitu vyako. Baiskeli ikaenda kwa mtoto wa dada yako, koti likaenda, redio ikaenda. Na mashine nayo mtoto wa dada yako aliitaka. Akaiwasha mbele ya watu wote ili waione. Ikawaka, ikanguruma, ikazima. Akaiwasha tena, ikazima tena. Mjomba wako akasema, "Hiki kimekufa na mwenyewe. Mwachieni mwanamke." Neno lile liliniuma, Baba Somoe, nikainamisha kichwa. Lakini wakati huohuo moyoni nilikuwa nasema asante, asante kwa kuzima.

Nilijaribu fundi. Niliifunga kwa kanga, nikaipakata kwenye basi hadi Masasi. Fundi akaifungua upande mmoja tu, akapuliza vumbi kwa mdomo, akasema, "Niachie, nitaipiga windo mpya, itakuwa kama jana imetoka dukani." Nikamwuliza, na vilivyomo ndani? "Vitu gani, mama? Vya zamani hivyo? Si vinafutika tu." Nikaifunga tena kwa kanga. Akanicheka. "Watu wa Newala mna mambo," akasema. Nikapanda basi la kurudi nayo mapajani, hata Nanganga sikwenda kumsalimia shangazi, niliogopa itagongwa.

Sasa nije kwenye kitambaa.

Kwetu Nanganga redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, hata kiti cha mgeni kina chake. Kitu cha thamani hakikai uchi. Nilipokuja kwako nikakuta hili vumbi jekundu la juu huku, linaingia mpaka kwenye chumvi, na maji ya kufutia hakuna, ndoo moja mpaka uipange foleni. Mashine yako imekaa wazi mezani kama haina mwenyewe. Wakati nina mimba ya Somoe nikakaa pale kwenye kile kiti cha wateja, nikafuma miezi mitatu. Cheupe, chenye maua ya pinki, kinaning'inia pande zote mpaka mezani. Siku nilipoivika ulisimama ukaitazama, mikono kiunoni. "Umeivalisha gauni," ukasema. "Sasa imekuwa bibi harusi, mimi nitamgusaje mbele za watu?" Ulinishukuru. Nilijisikia mke.

Ulipofariki nikakitunza zaidi ya hapo. Kila Jumamosi nilikifua kwa maji niliyobakiza, nikakipiga pasi, nikakirudisha. Watu walikuwa wakija kuuliza kama tunachapa, nawaambia mashine inaumwa, nao wanakisifu kitambaa.

Ijumaa alikuja Madamu, yule mwalimu wa kutoka Kagera aliyekuwa akichapia mitihani kwetu. Alikuwa likizo ya uzazi, kisha akaenda masomoni, hakuwahi kuja tangu msibani. Aliniamkia, akanipa pole upya, akatazama meza, akaguna.

"Mama Somoe, na hiki kitambaa bado kipo?"

"Kipo, Madamu."

"Mumeo alikuwa na vituko! Ukitoka tu kwenda kuchota maji, anakivua. Anakikunja vizuri, anakiweka kwenye kiti, nikitaka kukaa ananiambia nisikikalie. Akisikia ndala zako uani, mbiombio anakirudisha. Siku moja nikamwuliza, kulikoni? Akasema, 'Mashine inataka hewa, Madamu, na yule amefuma miezi mitatu. Nifanyeje?'"

Madamu alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa nimeshika pindo la kitambaa, nikawa siwezi kuliachia.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Ulipokuwepo, ilikuwa inavuliwa. Ulipoondoka, hakuna wa kuivua. Mwaka mzima na nusu nimeiziba pumzi kwa mikono yangu mwenyewe, nikijua naitunza.

Ungeniambia, Baba Somoe. Ningenuna siku moja, siku mbili, chai ningekuletea bila kukutazama usoni. Halafu ningekivua.

Nimesevu. Bado inawaka. Nimeweka kiganja ubavuni, ina uvuguvugu tu, kama mtoto aliyetoka kucheza.

Lile kasha jipya la mashine uliloleta kutoka Masasi mwezi mmoja kabla hujaugua lilikuwa chini ya kitanda siku zote, ndani yake nimeweka nguo za Somoe zilizombana. Unakumbuka ulivyoliingiza ndani? Ulilibeba kichwani kama mwanamke, umelizungushia kamba, unacheka peke yako. Nikakuuliza, na hili la zamani lina kosa gani? Ukasema halina madirisha. Nikakwambia mashine inataka madirisha ya nini, inataka kuona nani? Basi ukanishika mkono. Ukafunga mlango wa uani, ukafungua wa mbele, ukanisimamisha katikati ya chumba. "Unasikia upepo?" Nikasema kidogo. Ukaenda kufungua wa uani. Ule upepo unaopanda kutoka bonde la Ruvuma ukaingia mbele, ukapita, karatasi zote za wateja zikaruka mpaka kwenye banda la kuku. Tulizikimbilia tukicheka, kuku nao wanatukimbia. Ukaniambia mashine nayo ni hivyohivyo, hewa ya baridi iingie mbele chini, ya moto itokee nyuma juu. "Jumapili nitaihamisha," ukasema. Jumapili hiyo ulikuwa na harusi ya mtu ya kuchapia kadi. Inayofuata umeme ulikatika. Inayofuata ulikuwa umelala hospitalini.

Basi jana niliihamisha mimi.

Nimeishia darasa la saba, unajua. Lakini nimekutazama mara nyingi ukiifungua, nikikushikia tochi, na wewe ulikuwa huwezi kufanya kazi bila kusema unachofanya. Nilitandika mkeka hapa chumba cha mbele. Skrubu niliziweka kwenye visahani vya chai, kila sehemu na kisahani chake. Kila waya kabla sijauchomoa niliupiga picha kwa simu. Na niligusa chuma kwanza, kabla ya chochote, maana nilikuwa nasikia unavyonifokea, "Gusa chuma! Mwili una umeme!"

Mama yangu, ambaye tangu msiba wako hajarudi Nanganga, alikuwa anamenya mihogo mlangoni. Akatazama mashine imelala ubavu, tumbo wazi, akauliza, "Haya, daktari. Ukimaliza kuipasua, kushona unajua?"

"Nitajua hukohuko mbele, mama."

"Somoe, mjukuu wangu, sogea huku. Mama yako anataka kutoa maini."

Vumbi, Baba Somoe! Kile chuma chenye meno kama kitana, kinachokaa juu ya prosesa, kilikuwa kimejaa udongo mwekundu, hata sindano haipiti. Nikasugua kwa mswaki wa zamani, polepole, jino kwa jino. Na ndani ya udongo nikakuta manyoya ya uzi. Meupe, na ya pinki. Feni ilikuwa imeyanyonya kutoka kwenye kitambaa changu siku baada ya siku, yamejiviringa katikati yake, yamekaza kama fundo.

Nikaacha kusugua. Mama akaniona. "Umejikata?" Nikasema ndiyo.

Ile dawa nyeupe uliyobakiza kwenye bomba dogo niliweka juu ya prosesa kiasi cha punje ya choroko, kama ulivyonionyesha. Madabodi, lile bamba linalobeba vyote, niliitoa kwa mikono miwili, kama namtoa mtoto kwenye beseni, nikailaza kwenye vile viguu vyake vya shaba ndani ya kasha jipya. Ile hadi diski yenye sauti yako niliizungushia kanga kwanza, nikaiweka juu ya kitanda, nikamwambia Somoe akae karibu yake asiache mtu aiguse. Akakaa. Alikaa kimya kabisa, mkono juu ya kanga, mpaka nikamaliza. Sikumwambia kuna nini. Sijui alijua nini.

Mara ya kwanza haikuwaka hata kidogo. Zile nyaya nyembamba za kitufe nilikuwa nimezikosea, nikaangalia picha kwenye simu, nikazibadilisha. Ikawaka! Somoe akapiga makofi, mama akapiga kigelegele kimoja, cha masihara. Nikakaa mkekani miguu imeninyooka. Nikaihesabia. Mama alikuwa bado hajamaliza kumenya muhogo mmoja, ikazima.

Nilifunika uso. Nilijua nimekuua mara ya pili.

Mama akaja akachuchumaa. Hajui kompyuta, hajui hata kuwasha simu yangu, lakini alizitazama zile feni mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma. "Hizi zinapuliza wapi?" akauliza.

"Ndani, mama. Zote. Si ina joto? Naipepea mbele na nyuma."

"Lo! Na hilo joto unalitolea wapi?"

Nikaziangalia tena zile feni.

"We mwana, unapepeta mtama vipi wewe? Umesahau? Unaupa upepo mgongo, makapi yanakwenda mbele yako. Sasa mmoja akupulizie huku, mwingine akupulizie kule, si utakula makapi?"

Nikachukua mkasi. Nikakata uzi mmoja kwenye pindo la kitambaa, wa pinki, urefu wa kidole. Nikaufunga kwenye matundu ya nyuma, nikaiwasha. Uzi ukaingia ndani, ukanyonywa. Mama alikuwa amesema kweli. Nikazima, nikaigeuza feni ya nyuma, uso wake uangalie nje, skrubu nne. Nikaiwasha. Uzi ukanyooka kuelekea ukutani, ukawa unacheza. Nikaweka mkono. Joto lilikuwa linatoka. Lilikuwa linatoka, Baba Somoe, kama mtu anayehema baada ya kutua mzigo.

Umeme ukakatika palepale, jioni, ukarudi leo asubuhi. Nimeiwasha mama akibandika chai ya kwanza. Sasa chai hiyo tumeshainywa, na Somoe ameshamwaga yake, na mimi bado naandika.

Nasevu. Nataka nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu.

Zile siku nne wodini ulikuwa unatetemeka, meno yanagongana. Mimi nikakufunika. Blanketi, shuka, na kanga zangu mbili juu yake. Nesi aliingia akafunua vyote. "Dada, ana homa kali, mwache apate hewa." Akitoka, nakufunika tena. Akirudi, anafunua. Baada ya mazishi nilikwenda mpaka kule hospitali, nikamngoja nje mpaka alipotoka zamu. Nikamwuliza, dada, ni blanketi? Akanishika mabega. Akasema hapana, ugonjwa ulikuwa umeshafika mbali, blanketi halikumfanya kitu. Masikio yalisikia. Moyo haukusikia.

Lakini tangu Ijumaa, tangu Madamu aseme yale, kuna siku moja inanirudia. Siku ya tatu. Ndala yangu ilikatika njiani nikitoka kununua uji, nikaingia wodini pekupeku. Nikakukuta blanketi liko miguuni, limekunjwa. Umekunja vizuri, pembe kwa pembe. Kifua wazi, macho umefumba, umegeuzia uso dirishani, upepo unakupiga. Sikuwa nimeona chochote cha ajabu siku ile. Nilisogea, kitanda kikalia, ukafumbua macho, ukalivuta blanketi upesi mpaka kidevuni. "Mama Somoe," ukasema. "Asante kwa kunifunika. Baridi imepungua."

Hukusikia ndala zangu. Ndiyo maana nilikukuta.

Kwa hiyo ulikuwa unapata hewa. Kila nikitoka, ulikuwa unapata hewa, na kila nikirudi ulikuwa unajifunika kwa ajili yangu. Nimeifikiria jana kutwa nzima nikiwa na bisibisi mkononi. Inaniuma, na papo hapo inanipumzisha, sijui naielezaje. Nilikuwa nimebeba blanketi lile kifuani mwangu mwaka mzima na nusu, kumbe wewe mwenyewe ulishalikunja.

Nimesevu.

Nimeacha kuandika kidogo. Nimerudi. Nimelifungua lile tangazo.

Nilimpakata Somoe, nikamwambia tega sikio. Nikabonyeza. Kwanza kelele za hewa kwenye maiki, kisha wewe. "Karibuni, karibuni wateja wetu wa Newala na vijiji vyake!" Nilikuwa nimesahau kwamba unatamka Newala kwa kuivuta vile. Nilidhani nakumbuka kila kitu.

Somoe akakakamaa mapajani mwangu. Akasema, "Nani huyo?"

Baba Somoe! Yote haya, Masasi na kurudi, visahani, skrubu, halafu mtoto anauliza nani huyo. Na wewe unaendelea tu, tunachapa barua, tunatoa kopi. Halafu nikatokea mimi, kwa mbali, sauti changa ya mwanamke asiyejua lolote: "Baba Somoe! Chai inapoa!"

"Huyo wewe!" Somoe akaruka.

Mtoto akalia kwenye spika.

"Na huyo?"

"Huyo wewe," nikamwambia.

Nilimwona anafikiri, paji limemkunjamana kama lako unapotafuta waya. "Umemwita Baba Somoe," akasema polepole. "Somoe ni mimi." Wakati huo wewe ulikuwa unacheka, unakohoa. Akanigeukia. "Huyo ni baba yangu."

Amelisikiliza mara sita. Mara ya nne alikuwa anasema karibuni pamoja na wewe, anaivuta Newala vilevile.

Na mama. Ngoja nikuambie la mama. Alikuwa anapita mlangoni na sufuria mkononi. Uliposema karibuni ya kwanza, aliitua chini, akaivuta kanga akajitanda kichwani, akarudi nyuma ya ukuta, akasimama pale ameinamisha uso, kama alivyokuwa akifanya kila ukiingia uani na yeye yupo. Mkweo yuleyule na adabu zake. Hakutokeza. Rekodi ilipoisha akauliza kutoka nyuma ya ukuta, kwa sauti ya chini, "Ametoka?"

Nikasema, "Ametoka, mama."

Ndipo akaja kuokota sufuria. Macho yake sikuyatazama, naye hakuyatazama yangu.

Nimekuweka kwenye simu, nimekuweka kwenye flashi mpya, flashi nimeifungia kwenye kopo la sukari. Kesho nafungua duka. Madamu ameahidi kuleta mtihani wa kidato cha pili, na mimi vidole viwili vinatosha, nitaanza mapema. Kitambaa sikukitupa, wala sikukirudisha pale. Nimekitandika chini ya kibodi, nitakuwa nakiona nikichapa. Uzi wa nyuma nauacha. Somoe amesema ndio ulimi wa mashine.

Pumzika, Baba Somoe. Huko Mkunya ulikolala najua upepo upo, mikorosho haijaziba upande wa bondeni, nilihakikisha siku ya mazishi. Nitakuja na mtoto tukipata nafasi, nitavaa ndala ngumu unisikie mapema. Hapa chini ndipo pa kuweka jina, na jina langu unalijua, ni lile uliloniita tangu mimba ikiwa changa: Mama Somoe.

Lakini nilikuwa sijamaliza. Kuna neno nilikuwa nalipanga tangu asubuhi, la mwisho kabisa, nikawa nalizungukazunguka kwa sababu naogopa kulichapa, na sasa mama ananiita kutoka uani, Mama Somoe, chai inapoa, na Somoe naye anaita kwa sauti yako. Nakuja, mama, namalizia neno moja tu. Baba Somoe, nilitaka ujue kwamba